Kiongozi wa Kitengo cha Mkononi

Hebu jibu bila kuzungusha: umewahi kupewa cheo ambacho mama yako mzazi hawezi kukieleza kwa jirani?

Phares Nyamai alipewa. Ilikuwa Februari ya mwaka wa tisini na tisa, na cheo chenyewe kilikuwa kirefu kuliko meza aliyotengewa: Kiongozi wa Kitengo cha Ushauri wa Teknolojia ya Mkononi. Kampuni yake, iliyokuwa ikiwatengenezea watu programu za kompyuta katika ghorofa ya nne ya jengo moja mjini, ilimchapishia kadi mia tano. Mama yake, Ndanu, aliyekuwa amekuja mtaa wa Jericho, Nairobi, kutoka Kitui kumwona mjukuu aliyepewa jina lake, aliigeuza kadi mara mbili, akauliza kama mkono wenyewe ni wa kulia au wa kushoto.

Mtaani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Vijana wa pale kona walimpa jina la Mobile siku ile ile, na kila akipita walimwita, "Niaje, Mobile," naye akaitikia kwa heshima zote za kiongozi. Lakini kwa wazee wa Jericho, mobile ilikuwa kitu kimoja tu, nacho ni ile zahanati ya gari inayozunguka vijijini kuwachanja watoto. Kwa hivyo Wavinya, muuza mboga wa sokoni, akaanza kumwamkia daktari. Jumamosi moja alimletea mtoto mwenye choa kichwani. Nyamai alimtazama yule mtoto, akatazama na kadi yake, kisha akamshauri mama ampeleke hospitali. Wavinya akampeleka, mtoto akapona. Huo ndio ushauri wa kwanza wa kitengo uliofuatwa hadi mwisho.

Kitengo kilikuwa kimezaliwa hivi. Mkurugenzi, Bwana Nzivo, alikwenda ng'ambo kwa mkutano wa siku tatu, akarudi na mfuko wa kitambaa, kofia, na unabii. Alisema dunia nzima inahama kutoka mezani kwenda mkononi, na kampuni itakayochelewa itazikwa. Hakuna aliyetaka kuzikwa. Nyamai, aliyekuwa mwandishi wa programu za mishahara, alipandishwa kuwa kiongozi kwa sababu ndiye pekee aliyesoma kijitabu chote cha maelezo. Alimwongoza mtu mmoja, Nabiswa, binti wa Bungoma mwenye kichwa kikali na ulimi mkali zaidi. Mali ya kitengo ilikuwa vikompyuta vinne vya kushika mkononi, kila kimoja na kijiti chake cha kuandikia kwenye kioo. Kimoja kati ya hivyo hakikuwahi kuamka tangu kitoke kwenye boksi. Simu ya mkononi kiongozi hakuwa nayo. Hizo zilikuwa za mawaziri na wafanyabiashara wakubwa. Akitaka kumpigia mtu akiwa nyumbani, alipanga foleni kwenye kibanda cha simu karibu na soko, ameshika sarafu, nyuma ya wasichana waliokuwa wakiongea na wapenzi wao kwa utaratibu.

Usimcheke sana. Nyamai alizaliwa Jericho, katika nyumba ya baraza la jiji, mwana wa karani aliyenyoosha suruali yake kwa kuilalia chini ya godoro. Alifika chuo kikuu kikafungwa, akarudi kikafungwa tena. Alikuwa miongoni mwa wale walioshika matawi barabarani wakaonja rungu, na jambo moja alitoka nalo huko, akalishika kuliko shahada: kwamba nchi hii imefungiwa maarifa yake ndani ya lugha ya wakubwa. Mwananchi hupewa fomu asiyoielewa, akaijaza vibaya, akaambiwa ni mjinga. Nyamai aliapa kwamba siku atakayopata mamlaka, hata ya meza moja, chombo chake kitaongea na watu kwa lugha yao.

Siku hiyo ikafika. Mteja wa kwanza wa kitengo alikuwa Mzee Mohamednur, muuzaji wa jumla wa sabuni na mafuta ya kupikia, mwenye ghala kubwa mtaa wa Baba Dogo na malori yanayosambaza mali katika maduka ya Eastlands yote. Mzee alitaka kujua malori yake yanakuwa wapi saa gani. Wakakubaliana wajaribu kwa mwezi mmoja na madereva watatu: Mutunga, Wehliye, na mzee Ndambuki, aliyekuwa ameendesha lori la ghala hilo miaka kumi na saba. Kila dereva angepewa kikompyuta. Akifika dukani angeandika jina la duka, idadi ya katoni, na saa ya kufika. Jioni vikompyuta vingechomekwa kwenye kompyuta ya ofisini, na kila baada ya wiki mbili ripoti ingechapishwa yenyewe. Kama jaribio lingefaulu, Mzee angenunua vikompyuta arobaini.

Nabiswa alitaka kuandika maneno ya kwenye kioo kwa Kiingereza, kwa kuwa ndivyo yalivyo kila mahali. Nyamai alikataa katakata. Walibishana siku nzima, na mwisho kioo kikaandikwa DUKA, KATONI, SAA YA KUFIKA. Nyamai alikitazama kioo kile kama mtu anayetazama bendera ikipanda. Kisha akaenda Baba Dogo, akawafunza madereva siku mbili kwa Kiswahili safi, nao wakaanza kumwita mwalimu.

Ripoti ya kwanza ilitoka Jumatatu ya wiki ya tatu. Ilikuwa na rangi. Safari za Mutunga zilikuwa za kijani kibichi: saa nane kamili, saa tisa kamili, saa kumi kamili, kwa hesabu ya Kiingereza, kila siku, bila kupungua dakika. Za Wehliye hazikuwa na rangi, maana sehemu ya saa aliiacha wazi, na kompyuta huona kwamba mtu asiyesema kitu hana kosa. Za Ndambuki zilikuwa nyekundu karibu ukurasa mzima. 2.15, duka la Baba Dogo. 3.40, duka la Habon, Njiru. 5.00, Njiru tena. Programu ilikuwa imefundishwa na Nyamai mwenyewe kwamba mali ikishushwa kabla ya saa kumi na mbili alfajiri, iandike kwa wekundu: SAFARI YA USIKU.

Daftari la lango lilionyesha kwamba lori la Ndambuki hutoka kila siku saba na robo ya asubuhi, kwa saa za kizungu, kama alivyoandika askari wa lango, polisi mstaafu. Basi ghala likajigawa: ama daftari ni la uongo, au kompyuta ni ya uongo. Na kompyuta haina mjomba Kitui. Askari alikuwa naye, na Ndambuki pia alitoka Kitui, kwa hivyo jambo likawa wazi kama mchana: dereva anatoka na lori usiku kwa biashara zake, na mtu wa kwao anamfichia. Hakuna aliyeona haja ya kuwauliza wenye maduka. Wenye maduka hawatumii betri.

Waliona haja ya kumwuliza Ndambuki, tena mbele ya watu wote wa ofisini. Mzee Mohamednur alimwonyesha karatasi, akamtaka aseme kama saa zile ameandika yeye au ameandikiwa. Ndambuki alivaa miwani, akasoma mstari kwa mstari, akasema, "Nimeandika mimi, Mzee. Saa nilizoandika ndizo nilizofika." Akavua miwani. Karani akaandika kwamba mshtakiwa amekiri.

Habari zikafika mjini kabla ya chakula cha mchana. Bwana Nzivo aliita kampuni nzima, akatangaza kwamba Kitengo cha Mkononi, katika wiki ya tatu ya kuwako kwake kazini, kimekamata mwizi wa miaka kumi na saba. Mkataba wa vikompyuta arobaini ungetiwa sahihi Ijumaa saa nne asubuhi. Ndambuki, aliyesimamishwa kazi, angepewa barua ya kufukuzwa siku hiyo hiyo, kabla ya sherehe, ili meza iwe safi. Watu walipiga makofi. Nyamai naye, Mungu amsamehe, alisimama akainama kidogo.

Jumatano jua likielekea kuzama, Ndambuki alibisha mlango wa Nyamai, Jericho. Alikuwa amevaa koti, na mkononi alikuwa na bahasha ya kusimamishwa kazi. Mutheu, mke wa Nyamai, mwalimu wa chekechea katika kanisa la hapo mtaani, alimkaribisha kiti akamwekea chai. Mzee alikunywa nusu kikombe kabla ya kusema kitu. Kisha alisema hakuja kulalamika. Alikuja kumwuliza mwalimu wake ni wapi alipokosea, kwa sababu alifanya yote kama alivyofunzwa, na nyumbani Njiru wanawe wawili wako sekondari na jirani ameshaanza kumtazama vingine.

Nyamai alitoa nakala ya ripoti kwenye mkoba. Alikuwa na huruma, lakini ilikuwa ile huruma ya mtu mwenye ushahidi. Akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza.

"Hapa, Mzee Ndambuki. Jumatatu ulifika hapa saa ngapi?"

"Saa mbili na robo, mwalimu. Si nimeandika?"

"Umeandika. Na hapo ndipo shida ilipo."

Mutheu alikuwa ameshika birika. Aliliweka chini, akauliza, kama anavyouliza watoto wake wa chekechea, "Saa mbili na robo ya lini, Mzee?"

"Ya asubuhi, mama. Watoto wakienda shule."

Mutheu alimgeukia mumewe. Alimtazama machoni, na Nyamai alisema baadaye kwamba afadhali angemtukana. Ukutani pale juu ya kabati palikuwa na saa, na mshale wake mfupi ulikuwa kati ya sita na saba. "Baba Ndanu," Mutheu akasema, "hiyo saa ukutani inasema ngapi?"

Nyamai alifungua mdomo aseme sita na nusu, ukatoka ukweli: "Saa kumi na mbili na nusu."

Ndiyo, msomaji. Kioo kilimwuliza mzee kwa Kiswahili, naye akajibu kwa Kiswahili. Jua likichomoza sisi tunaanza moja. Mwingereza akiamka huwa ameshahesabu saba. Hilo kila mtoto wa chekechea ya Mutheu analijua. Nyamai mwenyewe alilijua tangu azaliwe, ila kila asubuhi alikuwa akivaa saa za Kiingereza pamoja na tai, na jioni anazivua pamoja na viatu, na kwa miaka yote hiyo hazikuwahi kukutana mlangoni. Alitaka chombo kiongee lugha ya watu. Kiliongea. Aliyesahau kusikiliza ni yeye.

Alichukua kalamu akaongeza sita kwenye kila saa ya Ndambuki. 8.15. 9.40. 11.00. Saa saba na nusu ya mchana, iliyosomwa kama saa moja na nusu ya asubuhi, ikawa 1.30. Lori lilitoka langoni 7.15 asubuhi na kurudi 4.00 jioni, kama askari alivyoandika. Kila kitu kilikaa mahali pake, siku zote za ripoti, bila mstari mmoja kugoma. Kumbe katika ghala lote la Baba Dogo kulikuwa na dereva mmoja tu aliyeandika ukweli, naye ndiye aliyekamatwa. Mutunga, walipokuja kumbana, alisema alikuwa akijaza saa zake zote kwa mkupuo mmoja asubuhi chai ikichemka. Alianzia na ile 8.00 iliyokuwa mfano kwenye karatasi ya mafunzo, akaongeza moja moja. Ndambuki aliuona mfano ule ule, akajua ni saa nane ya mchana, akaona mwalimu amechagua mfano wa dereva mvivu.

Alhamisi asubuhi Nyamai aliingia kwa Bwana Nzivo bila kuketi, akaeleza. Nzivo alisikiliza vizuri, kwa sababu alikuwa mtu mwerevu, na ndiyo maana jibu lake lilikuwa baya. Alisema kwanza hilo si kosa la programu, ni upungufu wa mafunzo kwa mtumiaji. Nyamai akamkumbusha kwamba aliyetoa mafunzo ni yeye. Nzivo akasema basi litarekebishwa kimya kimya katika toleo la pili, mkataba ukishatiwa sahihi. Nyamai akauliza kuhusu dereva.

"Madereva wapo, Phares. Wateja wa vikompyuta arobaini hawapo."

"Bosi, yule mzee hakuiba."

"Sijasema ameiba. Nimesema Ijumaa iko karibu." Nzivo alipanga karatasi zake zikalingana pembe. "Ukienda Baba Dogo leo, kitengo hakina kiongozi. Fikiria hilo ukishuka ngazi."

Alifikiria. Nisimpambe: alifikiria ngazi zote nne, na ghorofa ya pili alisimama kabisa. Alimfikiria mama yake aliyekuwa ameanza kuzoea ile kadi. Alifikiria kwamba kesho kutwa anaweza kumtafutia Ndambuki kazi kwingine, na wazo hilo lilikuwa tamu kiasi kwamba akaliogopa. Nabiswa alimkuta hapo akitoka kununua mandazi. Aliambiwa kisa kwa maneno machache, akatafuna, akasema, "Sasa unangoja nini, bosi? Unangoja upakuliwe?" Kisha akampa andazi moja la njiani.

Huko Baba Dogo, anayeendesha ofisi ni Qamar, binti wa Mzee Mohamednur, mzaliwa wa Nairobi anayebishana na wauzaji kwa lugha tatu. Nyamai alimwekea mbele ripoti na daftari la lango, akataka kuanza na utangulizi aliojitungia njiani. Qamar alimkata.

"Umefika hapa saa ngapi?"

"Saa nane na nusu."

"Na langoni umeandika ngapi?"

Nyamai alitazama daftari. Alikuwa ameandika 2.30.

Qamar alivuta ripoti kando ya daftari, akaongeza sita kwa kidole, mstari baada ya mstari, midomo ikicheza. Alianza kucheka, kisha kicheko kikamwishia njiani. Alisema siku ile ya Jumatatu walikuwa watu sita ndani ya chumba hiki, yeye akiwa mmoja wao, wote wanasema saa tatu wakinywa chai na wanaandika tisa wakitia sahihi, na hakuna hata mmoja aliyemwuliza mzee saa mbili ya lini. Kisha akasema tatizo si hesabu. Tatizo ni baba yake. Baba ameshamwita mtu mwizi mbele ya watu, na neno la Mzee likishatoka halijui njia ya kurudi.

"Nani amekosa?" akauliza. "Nataka nimwambie mtu, si mashine."

"Mimi," Nyamai akasema. "Phares Nyamai. Mimi ndiye niliyeuliza vibaya."

"Andika hivyo. Uandike kwa lugha ile ile uliyomwulizia."

Aliandika ukurasa mmoja kwa mkono, kwa Kiswahili, akatia sahihi. Kwenye nafasi ya cheo aliacha wazi.

Kesho yake, Ijumaa ile ya mkataba, kwa kuwa hakuwa tena na kitengo cha kuongoza, Nyamai alikuwa na asubuhi nzima mkononi. Saa moja kamili alikuwa amesimama nje ya lango la Baba Dogo. Wapakiaji walikuwa wamekaa juu ya katoni za sabuni, hawapakii. Ndambuki alikuwa ubavuni mwa lori lake na koti lake lile, na ufunguo ulikuwa juu ya boneti, hakuushika. Kwenye ubao wa matangazo ilikuwa imebandikwa ile ripoti nyekundu, tangu Jumatatu, ili iwe funzo kwa wengine.

Mzee Mohamednur alitoka ofisini taratibu, Qamar nyuma yake. Alifika mbele ya dereva wake, akasema kwa sauti ya chini kwamba barua imesomwa, mambo yameeleweka, kazi iendelee. Ndambuki akasema, "Nimesikia, Mzee." Hakusogea.

Injini za malori mengine zilikuwa zikinguruma. Mutunga aliizima yake. Mzee alimtazama Ndambuki, kisha akafuata macho yake mpaka ubaoni. Halafu yeye mwenyewe, mwenye ghala, akaenda akaanza kung'oa pini. Zilikuwa nne, na moja ilimsumbua, akaitoa kwa ukucha. Hakuna mpakiaji aliyecheka wala kuangalia pembeni. Akarudi na karatasi mkononi, akampa Ndambuki, akasema neno moja ambalo Nyamai hakulisikia pale langoni.

Ndambuki aliikunja karatasi mara nne akaitia mfukoni mwa koti. Akachukua ufunguo. Lori lilipotoka langoni lilimpita Nyamai karibu sana, na mzee alikuwa akitazama barabara.

Wapakiaji wawili walitoka nyuma ya lori wakiwa wamebeba boksi lenye vile vikompyuta vitatu vya jaribio, wakalishusha miguuni pa Nyamai, wakarudi ndani kazini.